Kidonda cha punda: usikimbilie sindano ya OTC

Wafugaji wenzangu wa Igunga na Nzega, kidonda cha mgongoni kwa punda wa mkokoteni mara nyingi chanzo chake ni kamba inayosugua. Ukimchoma OTC (oxytetracycline, dawa ya kupambana na bakteria) iliyobaki kwa ng'ombe, kipimo cha kukisia, huku unaendelea kumfunga, bakteria wanaoihimili dawa ndio wanaobaki na kuzaliana, na vinasaba vyao vya usugu huweza kuhamia hata kwa bakteria wa aina nyingine. Tena punda si ng'ombe: kwa jamii ya farasi dawa hiyo inaweza kuvuruga bakteria wema wa utumbo mpana na kuleta kuhara kubaya, hata kifo.

Mpumzishe kwanza, hilo ndilo tiba kubwa. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Akirudi kazini, zungushia kamba kitambaa laini.

Usaha ukinuka, akipata homa au akikataa kula, mwite daktari wa mifugo, na muombe achukue sampuli kabla ya sindano ya kwanza. Baada ya hapo bakteria huenda wasiote maabara. Muulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda.