Kabla Hujaita Gari la Kuhamisha Vyombo Moshi

Watu wengi wanaohama nyumba hapa Moshi huanza kwa kutafuta gari, ilhali gari linapaswa kuwa jambo la nne au la tano. Nimehama mara sita ndani ya mji huu na viunga vyake, na hasara kubwa kuliko zote niliyoipata haikuletwa na dereva mbaya wala vibarua wazembe. Ilitokana na kutouliza swali moja kuhusu ardhi niliyokuwa ninahamia. Nitalifikia swali hilo. Kwanza nimalize yale ambayo kila mtu anayajua na bado huyasahau.

Lipa madeni ya maji kabla ya kukabidhi ufunguo, na upige picha mita zote mbili, ya maji na ya umeme, siku unayoondoka na siku unayoingia. Uniti za LUKU ni za mita, si za mtu, kwa hiyo usinunue umeme mwingi wiki ya mwisho ukidhani utahama nao. Ikiwa nyumba unayohamia imekaa tupu kwa miezi mingi, usishangae ukinunua umeme kwa mara ya kwanza ukapata uniti chache kuliko ulivyotarajia: tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, na ile ya miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme hulimbikizwa ikamsubiri mpangaji mpya. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Zungumza naye kabla hujamlipa pango la miezi sita, kwa kuwa baada ya hapo huenda simu yake ikawa haipatikani.

Friji isafirishwe ikiwa imesimama, na ukifika uiache saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Mtungi wa gesi ufungwe vizuri na usilazwe. Kitanda kifunguliwe usiku wa kuamkia safari, skrubu zake zitiwe ndani ya soksi, na soksi ifungwe kwenye ubao wa kitanda hicho hicho. Vyeti na hati havipandi gari la mizigo. Vibebe mwenyewe mkononi.

Barua ya utambulisho usiiache mpaka siku utakapoihitaji kwa ajili ya shule au benki. Hapa pana jambo ambalo wageni hulikosea. Ndani ya Manispaa utakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, lakini ukivuka mpaka wa Manispaa, mpaka ambao mara nyingi hauna hata kibao cha kuuonyesha, unakuwa katika Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ambako hakuna mtaa bali kuna kijiji na kitongoji. Mabogini, kwa mfano, watu huiona kama sehemu ya mji, lakini iko upande wa Wilaya. Mjumbe wa nyumba kumi, cheo kilichoanzishwa na TANU miaka ya 1960, bado anawajua wakazi kuliko ofisi yoyote, nawe ukamsalimie. Lakini tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 yeye ni mtu wa chama, na mihuri utakayotakiwa kuonyesha iko kwingine.

Sasa gari. Kirikuu inamtosha mtu wa chumba kimoja, Canter inabeba vyumba viwili ukipanga vizuri, na mwenye familia na makochi makubwa atafute Fuso. Huduma ya kuhamisha vyombo hapa kwetu kwa kawaida si kampuni. Ni dereva, gari lake, na vijana watatu au wanne wanaookotwa kijiweni asubuhi hiyo. Hakuna ubaya, ila andikeni makubaliano, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: safari ngapi, nani anapakia, nani anashusha, nani analipa kikivunjika kitu. Halafu kuna neno ambalo nakusihi ulichunguze, neno “mpaka nyumbani.” Kwako maana yake ni mpaka mlangoni. Kwa dereva maana yake ni mpaka pale magurudumu yatakapokubali kufika, na nililijua hilo nikiwa nimesimama kwenye tope.

Nilihama kutoka Pasua kwenda Mabogini. Dalali alinionyesha nyumba mwezi Februari: vyumba viwili, sakafu ya vigae, uwanja wa kuanika nguo, na pango dogo kuliko nililokuwa ninalipa mjini. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, yenye nyufa ndefu ambazo ungeweza kuingiza kidole, na mimi, mtu mzima niliyekulia mkoa huu, nilizitazama nyufa zile bila kujiuliza zinatokana na udongo wa namna gani. Nililipa. Kwa sababu za kikazi nilihama Aprili, katikati ya masika.

Fuso lilitoka kwenye lami salama, likafuata njia ya gari inayopita kando ya mfereji, na kiasi cha mita mia tatu kabla ya nyumba magurudumu ya nyuma yakazama mpaka ekseli. Kulia kulikuwa na mfereji, kushoto jaruba lililojaa maji, kwa hiyo hapakuwa na pa kugeuzia. Dereva alizima gari, akashuka, akaniambia kwa adabu kamili kwamba kazi yake imeishia hapo. Vijana wakasema kubeba mzigo kwa kichwa ni bei nyingine, nami nilipoanza kubishana mvua ikaanza. Turubai lilitosha kufunika nusu ya vyombo. Tuliita guta, ile pikipiki ya matairi matatu, likawa linabeba vitu vichache vichache; katika safari ya tatu liliinama, na kabati la vyombo alilonirithisha mama likateleza likaingia mferejini kichwa chini. Godoro moja lilikauka baada ya wiki mbili na harufu yake haikutoka. Fuso lenyewe lilivutwa jioni na trekta la watu wa mpunga, nami ndiye niliyelipa shilingi 60,000 za kulivuta, kwa kuwa hatukuwa tumeandika nani atalipa.

Mzee mmoja alikuwa amesimama muda wote na jembe begani. Aliponisogelea aliniambia, “Pole, mwanangu. Hapo alipojenga mwenye nyumba wako sisi tulikuwa tunapandikiza mpunga. Hukuuliza?”

Sikuuliza, na majibu yalikuwa wazi kwa yeyote anayejua mji huu ulivyokua. Moshi yenyewe ni mji uliohama. Boma la Wajerumani lilikuwa juu mlimani, kwenye eneo tunaloliita Old Moshi hadi leo, na ni reli ya kutoka Tanga, iliyofika mwaka 1911, ndiyo iliyozishusha ofisi na maduka hadi tambarare. Hata hivyo wenyeji waliendelea kuishi kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi, huko juu, na sehemu za chini zikabaki kuwa mashamba: mtu alishuka kulima mahindi, jioni akapanda kwenda kulala. Vihamba vilipogawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vikaisha, watu wakaanza kujenga kule ambako babu zao walikuwa wanalima tu. Mabogini ni mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maana mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ulichukua maji ya mito ya Rau na Njoro ukayasambaza huko kwa mifereji ili palimwe mpunga. Ardhi inayofaa mpunga ni ile inayoshika maji isiyaachie. Fuso nalo ililishika vivyo hivyo.

Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: kabla ya nyumba, hapa palikuwa na nini? Usimuulize dalali. Muulize mzee, au mama anayeuza mboga njiani, na usikilize majina. Palipoitwa Korongoni au Bondeni, anza kwa kudhani kwamba walioita hivyo walikuwa na sababu. Si majina yote yanayosema kweli, maana Shanty Town yetu ndiyo yenye viwanja vikubwa na miti ya kivuli, lakini jina linalotaja maji au shimo lisikupite. Kisha nenda ukaitazame njia siku moja baada ya mvua, kwa miguu, mpaka mlangoni.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Usihame jioni. Usimwachie dalali ufunguo wa akiba, na ubadilishe kitasa siku ile ile. Uliza maji ya bomba hutoka saa ngapi, uliza kuhusu mbu, uliza gari la taka linapita wapi, uliza mpangaji aliyekutangulia aliondoka kwa nini na mwezi gani. Na ukiambiwa kwamba barabara itamwagwa kifusi wiki ijayo, usipakie chombo chochote mpaka ukione kifusi hicho kimemwagwa na kusawazishwa.