RAM imeandikwa 3600 ila inatembea 2133? Fanya hivi

Mwaka mzima nimetumia RAM (zile kumbukumbu za muda za kompyuta) za spidi ya 3600 zikitembea 2133 na sikujua. Nlizinunua, nikachomeka, mashine ikawaka, nikajua nshamaliza. Kumbe ile namba ya kwenye boksi huipati kwa kuchomeka tu, lazima uiwashe mwenyewe, na kompyuta haikuambii kitu, haikupi onyo wala nini, inaendelea na kazi zake kama kawaida.

Iko hivi: ukiwasha, madabodi (bodi kubwa inayobeba vifaa vyote) inasoma kachip kadogo kalikokaa kwenye RAM yenyewe alafu inachukua spidi ya usalama, ya viwango vya JEDEC (shirika linalopanga viwango vya RAM), ambayo kwa RAM za kizazi cha DDR4 mara nyingi ni 2133, 2400 au 2666 na kwa kizazi cha DDR5 mara nyingi 4800. Ile spidi kubwa uliyoilipia ipo humohumo kwenye kachip, ila imewekwa pembeni kama profaili inayosubiri ruhusa yako. Kwa Intel inaitwa XMP, kwa AMD za DDR5 ni EXPO, na kwenye madabodi za Asus za AMD za DDR4 utaikuta kwa jina la DOCP. Majina matatu, kazi ileile.

Anza kwa kuangalia ulipo. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka ingia Performance kisha Memory, chini utaona Speed. Ukiangalia kwa CPU-Z, programu ya kuonyesha vifaa vya ndani, usishtuke ukikuta 1800, hiyo ndo 3600 yenyewe, maana DDR inapitisha data mara mbili kwa kila mpigo, so zidisha kwa mbili. Kuna watu wanalalamika wameuziwa RAM feki kumbe ni hesabu tu.

Kabla hujakimbilia bayosi (BIOS, menyu ya settingi za madabodi), zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua kava uangalie zimekaa sloti zipi. Kama una sloti nne na RAM mbili, zinatakiwa ziwe ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, kwenye madabodi nyingi zimeandikwa A2 na B2. Ukizibananisha mbili zikae jirani, kwenye madabodi nyingi zinagawana chaneli moja (njia ya data kwenda kwa prosesa) na nyingine inakaa bure, hapo hata XMP ikiwaka umeshapoteza nusu ya upana wa njia. Na sio tu kuziachia nafasi moja katikati, mwisho wa njia ndo penyewe, kwa sababu ukiweka A1 ukaiacha A2 wazi, kale kanjia kanakobaki bila kitu kanarudisha mwangwi wa mawimbi na spidi kubwa zinaanza kugoma.

Sasa bayosi. Washa huku unagonga Del au F2, tafuta palipoandikwa XMP, EXPO au DOCP, chagua profaili ya kwanza. Utaona volti nazo zinapanda, DDR4 inatoka 1.2 kwenda kama 1.35, hiyo ni kawaida, ipo ndani ya profaili. Bonyeza F10 useivu.

Hapa ndo watu wanaharibu. Skrini inaweza kukaa nyeusi, na kwa DDR5 inaweza kuchukua dakika kadhaa maana madabodi inajifunza kuongea na RAM kwa spidi mpya. Usibonyeze pawa kwa hasira, kaa subiri, kanywe maji. Ikigoma kabisa au ikawa inajizima na kujiwasha, madabodi nyingi zitarudi zenyewe kwenye spidi ya zamani, isiporudi zima, toa umeme, chomoa kale kabetri ka duara ka CR2032 kwa dakika chache, rudisha.

Ukirudi ndani washa profaili tena ila shusha spidi hatua moja, mfano 3600 iwe 3466 au 3200, taimingi (namba za muda RAM inaosubiri kabla ya kujibu) usiziguse. Kama umechanganya RAM za paketi tofauti usishangae zikigoma, hata zikifanana jina, maana zimepimwa kila paketi kivyake. RAM nne pia zinaitesa prosesa kuliko mbili, hasa DDR5. Na kwa prosesa za AMD za Ryzen 5000 usihangaike kupita sana 3600, Ryzen 7000 ukifika 6000 inatosha kabisa.

Kuwaka sio kupona. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi, buti nayo, iache usiku mzima imalize raundi zake nne. Kosa hata moja ujue haijatulia, shusha spidi, maana RAM yenye makosa inaharibu mafaili kimyakimya, na utakuja kulaumu Windows bure.

Wengine mtaingia bayosi na XMP hamtaiona. Laptop nyingi na kompyuta za ofisini zimefungwa, na madabodi za Intel kama H410 na B460 haziruhusu kuvuka 2933, na ukiwa na prosesa ya i5 mwisho ni 2666, ruhusa kwenye daraja hilo ilikuja na B560. Hapo usinunue RAM ya spidi kubwa, haitakusaidia.

Kitu cha mwisho, siku ukiapdeti bayosi settingi kwa kawaida zinarudi mwanzo na XMP inazimika. Mimi hilo nalo lilinipata, nikakaa tena na 2133 wiki mbili.