Namna ya kuwasikilizisha washkaji nyimbo zako za asili na za vichekesho bila kununiana

Kwanza acha kutuma linki. Najua inauma kuambiwa hivyo manake mi mwenyewe nilikuwa bingwa, usiku nikikutana na wimbo mtamu YouTube naurusha kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, dakika tano mbele naurusha mwingine, asubuhi naamka nakuta dole gumba mbili na mtu anauliza Coastal Union wanacheza mpira saa ngapi. Basi. Hakuna aliyefungua hata mmoja, na kusema kweli siwalaumu, bando lenyewe la kudunduliza nani akalimalizie kwenye wimbo wa Kigogo wa dakika nane ambao hajui unazungumza habari gani. Afu wimbo wa kuchekesha ndo kabisa, mtu anausikiliza peke yake kwenye daladala sikio moja, atacheka na nani?

Sisi tumehamia barazani. Alhamisi baada ya isha, nyumba moja hapa Ngamiani, Tanga, watu sita au saba, spika ndogo ya kuchaji, birika la kahawa chungu na kashata za kugawana. Sharti letu ni moja na tunalisimamia kwelikweli: kila mtu analeta wimbo mmoja. Mmoja tu. Mwanzoni tuliruhusu watatu watatu, ikawa kila mtu hasikilizi wa mwenzie anasubiri zamu yake, na mmoja alileta kumi na moja eti zote fupi. Ukilazimika kuchagua mmoja unakaa wiki nzima unajiuliza hawa jamaa nawajua kiasi gani, na hapo ndo kazi yenyewe ilipo.

Manake huwezi kumrukisha mtu. Msogeze hatua moja kutoka pale alipo. Tuna kijana wetu hapa anasikiliza singeli asubuhi mpaka usiku, ukimwekea taarab ya zamani ya taratibu anatoa simu anaanza kuchati. Mi nikaanza naye kwenye mchiriku, ile ya vinanda vidogo na ngoma za uswahilini Dar ambayo singeli yenyewe imetokea huko, akakaa sawa. Wiki ya pili nikamletea kidumbaki cha Unguja, manake mwendo wake nao hautulii, na hapo sikumwambia chochote kuhusu utamaduni wala nini, nikamwambia tu sikiliza ile besi, we unadhani ni gitaa? Siyo gitaa, ni sanduku. Boksi la mbao la kubebea majani ya chai limefunikwa kifudifudi, fimbo imesimamishwa, kamba moja imetoka juu ya fimbo mpaka kwenye boksi, mpigaji akiivuta fimbo kamba inakaza sauti inapanda, akilegeza sauti inashuka inaguna. Kijana alitaka kwenda kutengeneza lake usiku uleule. Kutoka kidumbaki mpaka taarab ni kuvuka barabara tu, sasa hivi anawajua Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapahapa Tanga, na anabishana na wazee nani alikuwa mkali, wakati mwaka jana alikuwa anaona hizo ni nyimbo za harusini za mama zake. Na fundi baiskeli wetu, ambaye kwake dunia iliishia kwenye Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za dansi za zamani za hapa Tanga, nikamkamatia kwenye magitaa, nikamwambia sikia taarab ya Tanga inavyotembea na gitaa na besi kama dansi. Alinuna kidogo afu akaanza kutikisa mguu.

Kitu cha pili, hadithi kabla ya wimbo, ila fupi. Dakika mbili. Mwalimu wetu (anafundisha shule ya msingi, ana sauti ya kusimamia paredi) siku aliyoleta Siti binti Saad alijua kabisa zile santuri za zamani zina mikwaruzo na mtu akisikia tu kelele za sindano atachoka. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza akatupa picha: mwanamke wa Unguja, mwaka 1928 anapanda meli kwenda Bombay kurekodi, na nyimbo zake nyingine ni habari za mjini, kesi za mahakamani, nani kahukumiwa na nani kaachiwa. Afu akamalizia kwa kusema wasifu wake umeandikwa na Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapohapo nje ya mji. Basi watu wakainamia spika kama wanasikiliza taarifa ya habari. Mikwaruzo hakuna aliyeitaja.

Ukiwapa watu hadithi usiwape na maana. Usiseme "hapa mtacheka". Ukishasema hivyo umeua. Waeleze mazingira, waachie utamu waukute wenyewe, na kama hawajaukuta rudia ule ubeti mmoja, siyo wimbo wote.

Mi nililijifunza hili kwa ilimba. Nilileta rekodi ya Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyeishi Bagamoyo na kufundisha pale Chuo cha Sanaa mpaka alipofariki 2003, sauti yake inapanda mpaka unadhani ni mtoto anaimba afu inashuka chini unasikia mzee. Ilimba ni marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, vyuma vingi vimepangwa juu ya boksi la mbao, na kwenye tundu la boksi wanabandika utando wa buibui makusudi ili kila sauti itoke na mvumo, zzzz, kama nyuki yupo ndani. Sasa mi sikusema hilo. Nimebonyeza tu, wimbo haujafika nusu fundi baiskeli kanyanyuka, kachukua spika kaigeuza, kaipuliza, kaipiga kofi, "hii koni imepasuka hii, niliwaambia msinunue za Kichina". Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika na wimbo ukapotea wote. Ule mvumo ndo uzuri wenyewe! Wiki iliyofuata nikaurudisha, safari hii nikaanza na buibui, wakasikiliza mpaka mwisho kimya.

Haya, vichekesho. Hapa kuna ujanja mmoja ambao umenisaidia kuliko yote: kabla hujaleta wimbo wa kuchekesha jiulize anayechekwa ni nani. Kwenye mipasho yetu anayechekwa ni mwingine, mwimbaji yuko juu, mzuri, amependwa, ana kila kitu, na we mwenye wivu ndo unachanwa. Kwenye utani wa makabila, wale Wazaramo na Wanyamwezi kwa mfano, mnachekana kwa zamu na haki ya kununa hamna. Kwenye vichekesho vya King Majuto, mtu wa Tanga huyu Mungu amrehemu (2018 tulimzika), mara nyingi alijifanya yeye ndo mjinga na mroho wa mwisho, ukacheka huku unamwonea huruma. Hizi ni ladha tatu tofauti na mtu anaweza kupenda moja akachukia nyingine. Ukimletea mpenzi wa mipasho kichekesho cha kujidharau atakwambia huyu mbona mnyonge.

Ndo kilichotupata na wale New Zealand. Mshkaji wetu anayetembeza wageni mapango ya Amboni aliachiwa na mgeni mmoja nyimbo za Flight of the Conchords, jamaa wawili, Bret McKenzie na Jemaine Clement, wanapiga magitaa kwa utaratibu kabisa kama wanamuziki wa folk (nyimbo za asili za Kizungu) afu maneno ni ya kipuuzi, walikuwa na kipindi kwenye televisheni ya HBO ya Marekani kuanzia 2007 mpaka 2009. Akabonyeza. Kimya. Kiingereza kinaenda mbio, hakuna anayecheka, yeye anacheka peke yake na jasho linamtoka. Nikamwambia simamisha, tuambie hawa wanajisifu nini. Akasema bwana hawa walikuwa wanajitangaza kuwa ni kundi la folk la watu wawili linaloshika nafasi ya 4 kwa umaarufu kwao New Zealand. Ya nne! Baraza lote likalipuka. Manake hapa kwetu nani amewahi kupanda jukwaani akajisifu kuwa wa nne, mwimbaji wa taarab akijiita wa pili tu ujue anaumwa. Baada ya hapo hata wasiojua Kiingereza wakaanza kuzisikia zile sauti za unyonge za kujikweza na kushindwa, na mshkaji akawa anatafsiri mstari mmoja baada ya mitatu, siyo wote. Ukitafsiri kila neno unakuwa mkalimani wa mkutano wa hadhara.

Na kama mtu anakwambia muziki na vichekesho ni vitu viwili mkumbushe maonyesho ya vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT enzi za miaka ya 80 na 90, kiingilio kimoja unapata ngoma, sarakasi, kwaya, taarab, kichekesho na igizo, watu walikaa mpaka usiku mkubwa.

Nyimbo za bibi nazo. Hazina YouTube hizi, ni za kwenda kuzifuata mwenyewe, na mwendo wake ni shikamoo, kukaa chini, kumsaidia kuchambua mchicha kama anachambua, ndo unauliza "bibi ule wimbo mliokuwa mnatwanga nao ulikuwaje". Simu usiitoe mwanzo. Akishaimba mara moja muombe ruhusa, na akikataa imeisha. Hasa nyimbo za unyago, hizo zina vichekesho ambavyo ukivisikia kwa bahati mbaya unakaa wiki unacheka peke yako, lakini ni za wanawake waliochezwa na wenyewe hawakuziweka pale ili ziende kwenye kikundi chenu cha WhatsApp. Kuna jamaa alirekodi kupitia dirishani akatuletea, tulimfutisha palepale.

Mengine ni ya kawaida tu: pakua kabla, weka kwenye flashi manake umeme na intaneti havina rafiki, azana ikiadhiniwa zima, mtaani kukiwa na msiba hamna kikao hata kama msiba uko nyumba ya kumi. Na mkipata nauli nendeni Bagamoyo wakati wa tamasha la chuo cha sanaa (siku hizi TaSUBa), kutoka hapa unapita Segera mpaka Msata unakata kushoto, yule kijana wa singeli alipouona mtetemo wa ngoma kwa macho hakuhitaji tena kubembelezwa na mtu.

Lakini kubwa kuliko yote, sauti. Sauti ya spika namaanisha. Nilileta mpasho mmoja, mtamu, unamsema jirani anayepita kwa watu kuchungulia vyungu. Nikaongeza sauti ili waliokaa mwisho wasikie, na kwenye kiitikio kikali kuliko vyote si akawa anapita mama mmoja wa nyumba ya pili na sahani imefunikwa kitambaa, anatuletea bajia! Akasimama. Akasikiliza ubeti ule mpaka mwisho. Akageuka na sahani yake.

Mtu wa bara atauliza kosa liko wapi, wimbo si wimbo? Huko kwenye taarab kwenyewe, mwanamke akitaka kumfikishia mwenzie ujumbe hasemi neno, anangoja ubeti wake ufike, ananyanyuka na noti mkononi anakwenda kutunza taratiibu huku anamtazama anayemkusudia. Aliyeimba hana kesi, mtunzi hana kesi, ujumbe umefika. Kwa hiyo mimi kuongeza sauti pale anapotokea ni sawasawa na kunyanyuka na noti. Asubuhi yake alitoka kufagia uwanja amejifunga kanga yenye jina la kunijibu, jina lenyewe sitaliandika hapa, akafagia mpaka karibu na mlango wetu halafu akanipa mgongo nisome vizuri.

Ilibidi nitafute mtu mzima wa kunisindikiza. Tumekwenda, shikamoo mama, marahaba, kimya kirefu, nikaeleza kwamba wimbo nilichagua tangu Jumatatu na wala sikumuona anakuja, mzee akanisaidia kuapa. Akasema amesikia. Bajia hazikuja wiki tatu.

Siku hizi mpasho wowote naletea sauti ya chini na uso nimeuelekeza barabarani nione nani anakuja. Na yeye kila Alhamisi kabla ya isha anamtuma mwanawe, kabinti ka darasa la tatu, kanasimama mlangoni kanauliza, "Shikamoo, mama kasema leo mnamwimba nani?" Tukikajibu vizuri kanarudi na sahani.