Jirani akipandisha ghorofa, jua la kiwanda chako utalilinda vipi

Kama jirani keshashusha mawe na simenti mlangoni na mafundi wanasema wanaongeza ghorofa, usingoje ukuta ufike juu ndio uanze kulia. Hapa Lamu, hasa mtaa wa Mkomani, nyumba zimebanana, madirisha ya njiani machache na madogo, mwanga wote unashukia kiwandani, yani ule uwanja wa wazi ulio ndani ya nyumba. Jua likikatwa pale limekatwa mpaka vyumbani, na chokaa ikikaa bila jua inaanza kuota ukungu na kubambuka. Kwa mamangu imetokea. Kwenye kona ya kiwanda alikuwa akianika maembe ya achari kwenye sinia, siku tatu yamekauka, sasa ukuta wa jirani umepanda jua linapita pale nusu saa tu, maembe yanaoza, na yeye siku hizi anapanda darini na sinia mkononi na magoti yale yanayomuuma. Mimi nilichelewa, wewe usichelewe.

Anza kwa kupima. Sisi tuko karibu na ikweta, saa sita jua karibu liko utosini, kwa hivyo kinachokuumiza zaidi ni ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri. Kwenye saa tatu na kitu asubuhi kivuli kinakaribia kulingana na urefu wa ukuta wenyewe, sasa chukulia ukuta wa mashariki utakuwa mita 6 kutoka sakafu yako na kiwanda kina upana wa mita 4, saa hiyo hupati jua chini hata kidogo. Piga foto kwa simu kila saa kuanzia saa mbili, simama pale pale, foto zikae na tarehe. Hizo ndio zitakusemea baadaye.

Halafu nenda kwa jirani mwenyewe, na mzee mmoja wa mtaa, jioni, kwa salamu na kahawa. Mwambie, "Bwana, sikukatazi kujenga, nataka tuone plani pamoja." Muombe ghorofa ya juu irudi nyuma kidogo, au juu aweke makuti yaliyo wazi pembeni badala ya kuta, na ukuta unaokutazama wewe upakwe chokaa nyeupe maana unarudisha mwanga, hii ya mwisho haimgharimu sana na wengi wanakubali.

Akikataa, uliza kibali. Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 hakuna kujenga bila ruhusa ya kaunti. Nenda ofisi ya mipango, uliza kama faili ipo, peleka pingamizi kwa maandishi na foto zako, ubaki na kopi iliyogongwa stampu. Ruhusa ikitoka na wewe imekuathiri, una siku 14 tu za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mambo hayo, na baada yake iko mahakama ya mazingira na ardhi. Mji wa kale pia uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo watu wa makumbusho nao waarifu, mapema, si slabu ikishamwagwa.

Na hii wengi hawaijui: sheria yetu ya ukomo wa madai, sura ya 22, kifungu cha 32, inasema mwanga na hewa ya jengo vikitumika kama haki, kwa amani, wazi, bila kukatizwa miaka 20, hiyo haki inakuwa kamili. Nyumba zetu zina zaidi ya hapo! Ila ukiwa ulikuwa unapata mwanga kwa hisani ya jirani, yani alikuruhusu tu, hesabu inakuharibikia, kwa hivyo kabla hujasaini karatasi yoyote ya "namruhusu" muonyeshe wakili. Tafuta hati ya zamani ya nyumba, foto za arusi zilizopigwa kiwandani, wazee wanaokumbuka jua lilikuwa linafika wapi, na uwaandikishe maneno yao wangali hai.

Mkikubaliana nyumbani, andikeni urefu wa ukuta kwa mita, msaini wote wawili na mashahidi wawili, na fundi apewe kopi kabla hajaanza kujenga.