Jinsi ya kupima uimara wa dikteta baada ya shambulio la kigaidi

Anza kwa kuuliza: nani ameuawa? Wakifa raia, mtawala mara nyingi hupata kisingizio cha kujiongezea mamlaka. Siku 10 baada ya mauaji ya shuleni Beslan, Urusi, ya Septemba 2004, Putin alitangaza kufuta uchaguzi wa magavana.

Wakifa askari, geukia kambini. Tarehe 26 Septemba 2022, msafara wa chakula kuelekea Djibo, Burkina Faso, ulishambuliwa Gaskindé, malori yakateketea. Siku nne baadaye Kapteni Traoré alimpindua mtawala wa kijeshi Damiba, aliyeshika nchi Januari mwaka huo kwa ahadi ya usalama. Ahadi hiyo ndiyo iliyommaliza.

Kwa hiyo fuatilia mgao wa chakula, risasi na posho za walio mstari wa mbele. Wengi hukosea kwa kutazama maandamano ya mjini peke yake.