Somo: Kusoma mbano wa zamani kwenye nyufa za mawe, kuanzia hapa Lubumbashi

Jambo yenu, ndugu zangu. Kiangazi kimekolea, mito imeshuka, huu ndio wakati wa kwenda kwenye mawe. Wengi mmeniuliza tunawezaje kujua milima ilibanwa kutoka upande gani, nasi hapa mjini hatuna mlima. Mlima tunao: tumesimama juu ya mizizi yake. Yapata miaka milioni 550 iliyopita, bara kongwe la Kongo na lile la Kalahari yalikabana. Matabaka ya Katanga, yaani Roan, Nguba na Kundelungu, yakakunjwa yakawa safu ya milima yenye umbo la upinde, ambayo leo tunaiita Tao la Lufilia. Mvua na mito vimekwisha kula vilele.

Chukua bukari, yaani ugali. Ukiwa wa moto unaubonyeza kwa kidole unakunjika. Uliolala usiku kucha unapasuka. Mwamba ni vivyo hivyo. Ukiwa chini sana kwenye joto hukunjika, ukikaribia juu na kupoa hupasuka. Kwa hiyo nyufa nyingi zinatunza sura za mwisho za mgongano ule, pamoja na yaliyofuata baadaye.

1. Tafuta mwamba ulio wazi. Udongo mwekundu na vichuguu vimefunika karibu kila kitu. Nenda kwenye machimbo ya mawe (omba ruhusa kwanza), kingo za mito, na mahali barabara ilipokata kilima. Jihadhari na nyufa za baruti: zinatawanyika kama miale kutoka kwenye tundu la kulipulia, na uso wake ni mpya, hauna kutu wala madini. Nilipokuwa mwanafunzi nilipima nyufa siku nzima bila kujua hilo. Daftari lote lilitupwa, na hadi leo siku ile inaniuma.

2. Jua ufa ulio mbele yako ni wa namna gani. Ufa uliofunguka tu, bila pande zake kuteleza, hufunguka kuelekea upande wenye mbano mdogo kuliko zote. Mshipa wa kwatzi au kalsiti (madini yanayojijenga ndani ya nyufa) ni ufa wa namna hiyo uliojazwa. Kwenye dolomia, mwamba unaofanana na chokaa, utaona pia mishono yenye meno kama ya msumeno, ambapo jiwe liliyeyuka kwa kubanwa: meno yanaelekea upande mbano mkubwa ulikotoka. Halafu kuna ufa wa msogeo, ambao pande zake zimesuguana. Huo ndio wenye habari nyingi kuliko yote.

3. Soma michirizi, yaani mistari iliyoachwa na pande za ufa zilipokuwa zikisuguana. Hapa msiharakishe. Osha uso wa ufa kwa maji, uutazame jua likiwa limeinama, asubuhi au jioni, kwa sababu mwanga wa ubavuni unaamsha mistari ambayo saa sita huioni. Michirizi inakuonyesha mstari wa msogeo. Lakini jiwe lilikwenda mbele au nyuma kwenye mstari huo? Kama kuna nyuzi za kalsiti au kwatzi, zimejipanga kama vingazi vidogo. Pitisha kiganja: upande ambao mkono unateleza bila kukwaruzwa ndiko ulikokwenda ule ubavu wa pili wa ufa, ambao haupo tena. Mahali pasipo na nyuzi za madini, vingazi vinaweza kuwa vimevunjika kinyume. Hapo usitegemee mkono peke yake. Tafuta tabaka au mshipa uliokatwa, uone kipande cha pili kiko wapi.

Mimi nasema wazi: kuchora mielekeo ya nyufa mia mbili bila michirizi, kisha kutangaza mbano ulitoka upande fulani, ni kubahatisha.

4. Pima na uandike. Mwelekeo wa ufa, mwinamo wake, mwelekeo wa michirizi, upande wa msogeo, na uhakika wako: hakika, yamkini, au sijui. Dira isikae karibu na gari wala nyundo. Ukitumia simu, vua kifuniko chenye sumaku.

5. Tenga vizazi. Ufa unaokata mwingine ni mdogo kwa umri. Uso mmoja ukiwa na michirizi ya aina mbili, ile iliyokwaruzwa juu ya mwenzake ndiyo ya mwisho. Usichanganye vizazi katika hesabu moja. Katanga ilibanwa, baadaye ikatanuka, na kuelekea maziwa ya Upemba na Mweru inatanuka hata sasa. Ukivuruga yote chungu kimoja, jibu halitahusu wakati wowote.

6. Tafsiri. E. M. Anderson, mjiolojia wa Scotland, alionyesha kwamba karibu na uso wa dunia mkazo (msukumo ndani ya mwamba) mmoja kati ya mitatu mikuu, yaani mkubwa, wa kati na mdogo, husimama wima. Ukisimama wima ule mkubwa, nchi inatanuka na nyufa zinainama kama digrii 60 kutoka mlalo. Ukisimama mdogo, nchi inabanwa na nyufa zinalala kama digrii 30. Ukisimama wa kati, mawe yanapishana ubavu kwa ubavu. Nyufa mbili pacha zilizokatana zikikupa pembe kali, mbano mkubwa unapita katikati ya pembe hiyo. Kwa nyufa nyingi za pande mbalimbali tumia programu. Win-Tensor ya Damien Delvaux haina malipo. Inadhani kwamba kila ufa uliteleza kule ulikosukumwa zaidi, wazo lililoandikwa na watafiti Wallace mwaka 1951 na Bott mwaka 1959.

Huku kwetu na Kipushi mikunjo inakwenda kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki. Kwa hiyo nyufa za wakati wa mgongano zitarajiwe kuonyesha mbano wa kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi.

Maswali

*Yaya, asante sana. Nyufa ngapi zinatosha?*
Kihesabu ni nne, kwa sababu tunatafuta vitu vinne: mielekeo mitatu na uwiano mmoja wa ukubwa wa mikazo. Kazini, mdogo wangu, mimi chini ya kumi na tano siamini, na ziwe za pande tofauti.

*Mama, mimi ni mchimbaji. Ufa wenye malakiti unaonyesha wakati wa mgongano?*
Hapana, papa. Malakiti, madini ya kijani ya shaba, hutokea karibu na juu, maji yakishayeyusha shaba na kuilaza upya, baada ya ufa kuwapo. Ila ukiona malakiti yenyewe imechirizika, nipigie picha: hapo ufa ulisogea tena baadaye.

*Tabaka zikiwa zimeinama, nizirudishe mlalo kwanza?*
Jaribu hesabu zote mbili. Kama mkazo mmoja unasimama wima baada ya kuzilaza, nyufa zilitangulia mkunjo. Kama unasimama wima hivihivi, zilikuja nyuma yake.

*Je, tunapata na nguvu ya mbano?*
Hatupati. Michirizi inatoa mielekeo na uwiano tu.

*Niko Goma, huku ni lava tupu. Nifanyeje?*
Nyufa zinazogawa lava kuwa nguzo zilitokana na kupoa na kusinyaa, kwa hiyo ziache. Vuka lava, tafuta mawe ya zamani kwenye miinuko ya kando ya ziwa, na uanze na hatua ya tatu.