Ganda, Gamba, Gome au Kumbi: Jinsi ya Kuchagua Neno Linalofaa

Mwandishi anayetaka kutaja kitu kinachokikinga kingine kwa nje hulikimbilia neno "ganda", na mara nyingi hakosei, kwa kuwa ndilo pana kuliko yote: kuna ganda la yai, la ndizi, la muwa, la karanga, hata la risasi. Tatizo huanza neno hilo linapobebeshwa kazi ya maneno mengine ambayo watu wa pwani wanayatumia kila siku.

Ninachopendekeza ni kuanza na kitenzi, nomino ifuate. Jiulize kifuniko hicho huondolewaje. Muuza machungwa ya Muheza katika soko la Mgandini, mjini Tanga, humenya, na yanayomwangukia miguuni ni maganda. Muuza samaki hupara, na yanayoruka ni magamba. Mti huambuliwa gome, mpunga hukobolewa zikabaki kumvi na pumba, na mnyama huchunwa ngozi. Ukimsikia mtu akisema "kumenya samaki", utajua hakukulia karibu na bahari.

Mtihani wenyewe ni nazi, kwa sababu imefunikwa mara mbili. Kwanza hufuliwa kwa kifuo, yaani kile kijiti chenye ncha kilichosimikwa ardhini, yakatoka makumbi, ambayo hufukiwa katika mchanga wa ufukweni unaofikiwa na maji ya bahari hadi yalainike, kisha yakapondwa ili zipatikane nyuzi za kusokotea kamba. Kinachobaki ni kifuu, kigumu, ambacho baada ya nazi kukunwa huweza kuchongwa kikawa upawa. Kwa hiyo anayeandika "ganda la nazi" humwacha msomaji asijue kama anazungumzia kamba au upawa. Tena asichanganye kifuo na kifuu, kwa maana irabu moja tu ndiyo inayokitenganisha chombo na kinachofuliwa.

Gamba ni la samaki, kobe na nyoka, lakini la nyoka lina sifa ya pekee: mwenyewe hulivua, akatoka na jipya. Ndiyo maana mwaka 2011 Chama Cha Mapinduzi kilipozungumzia "kujivua gamba" kila mtu alielewa. Kingesema "kujimenya ganda", watu wangecheka.

Katika upatanisho, ganda, gamba, gome na kumbi hufuata li-ya, na kifuu hufuata ki-vi. Ganda la yai likishabaki tupu huitwa pia kaka, neno ambalo halina udugu na kaka wa nyumbani. Kitenzi "kuganda" nacho kitazamwe peke yake, kwani ni cha damu, mafuta na maji yanapogeuka kuwa magumu. Na ule wali ulioshika chini ya sufuria ni ukoko. Haukingi chochote, ingawa ukiwa wa wali wa nazi wapo tunaougombea.